Nani Alimwona Akifanya?

 

Jioni ya leo nataka tuzungumzie wauguzi. Sizungumzii mishahara yao wala migomo yao, maana hayo tumeyasema na tutayasema tena. Nazungumzia jinsi wanavyofundwa kabla hatujawakabidhi miili yetu. Kenya imebishana kuhusu CBC, mtaala wa umilisi, tangu ulipoingia rasmi madarasani mwaka wa 2019. Mzazi amelalamikia kadibodi na gundi, mwalimu naye amelalamikia fomu za tathmini zisizokwisha. Watoto wenyewe hawangoji tumalize ubishi. Kundi la kwanza linatarajiwa kufika vyuoni mwaka wa 2029, na miongoni mwao wapo watakaotaka kuwa wauguzi. Huko watakuta kwamba masomo ya uuguzi nayo yamekwisha kugeukia umilisi. Basi mzazi ana haki ya kuuliza: mtu aliyefundishwa hivyo ataweza kunidunga sindano bila kunidhuru?

Jibu langu ni hili: ataweza, ikiwa yupo mtu aliyesimama kando yake akamwona akidunga, akamwambia pale alipokosea, akamwona tena akirudia hadi akapatia. Asipokuwepo mtu huyo, hata ukiuita mtaala jina gani, umebadilisha jalada tu. Hilo ndilo neno langu la leo, na nitalieleza pole pole.

Kimumu, hapa Eldoret, ni mtaa wa wapangaji, na wapangaji wetu wengi ni wanafunzi. Wapo wa Chuo Kikuu cha Eldoret hapo Chepkoilel, na wapo wa vyuo vya afya wanaodamka gizani kuwahi matatu ya mjini. Hao wa afya utawajua tu. Sare imefunikwa na sweta nzito, kwa sababu baridi ya alfajiri ya Eldoret haimhurumii mtu, na kifuani amebandika saa ndogo yenye mshale wa sekunde. Anakimbilia ripoti ya asubuhi, pale zamu ya usiku inapokabidhi wagonjwa kwa zamu ya mchana. Ishike akilini hiyo saa, maana ina kazi yake.

Wengi wao wanaelekea Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Hospitali hiyo ilianza mwaka wa 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60, na mwaka wa 1998 ikawekwa kisheria kuwa hospitali ya rufaa ya kitaifa. Leo inapokea wagonjwa kutoka Magharibi mwa Kenya, Bonde la Ufa na hata ng'ambo ya mpaka. Tazama jina lake: mafunzo yametajwa waziwazi. Ukilazwa pale, kubali kwamba utakutana na mwanafunzi. Wagonjwa wetu, kwa heshima, humwita kila mwanamke mwenye sare "sista", na kila mwanamume mwenye sare "daktari", bila kuuliza huyu yuko mwaka wa ngapi.

Sasa umilisi ni nini katika uuguzi? Tuingie wodi ya wazazi.

Mama ana mimba ya miezi minane. Kichwa kinamuuma tangu jana, macho yanaona ukungu, presha iko juu. Ghafla mwili mzima unaanza kukakamaa na kutikisika. Hicho ni kifafa cha mimba, na dawa inayotegemewa ni magnesiamu salfeti. Mwanafunzi aliyesomea mtihani peke yake anaweza kukuandikia kurasa mbili kuhusu dawa hiyo, ikiwemo jinsi inavyofanya kazi na madhara yake, na akapata alama 75 kwa 100. Mpeleke sasa kando ya kitanda. Dawa iliyo kabatini ina nguvu ya asilimia 50, lakini ya kuingiza kwenye mshipa inatakiwa iwe asilimia 20. Lazima avute mililita 8 za dawa, aongeze mililita 12 za maji ya sindano, apate gramu 4 ndani ya mililita 20, kisha aisukume polepole kwa muda wa dakika 5. Wakati huo huo mama awe amelazwa ubavu na njia ya hewa ilindwe. Halafu gramu 5 kwenye kila tako. Na bado hajamaliza. Saa 4 baadaye, kabla ya kurudia dozi, ahesabu pumzi, zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Agonge goti aone kama mguu unaruka. Aangalie mkojo, usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kimojawapo kikikosekana, dawa inasimamishwa, kwa sababu dawa hiyo hiyo iliyookoa inaweza kuzima pumzi, na kalisiamu glukoneti iwe karibu kwa dharura hiyo.

Haya nayasema ili ujue uzito wa kazi. Si maagizo ya kufanyia nyumbani.

Umeona mambo mangapi yamekutana hapo? Kuna elimu, kwa maana ya kujua kwa nini pumzi zihesabiwe. Kuna mkono, kwa maana ya kuvuta mililita 8 sawasawa wakati mgonjwa anatikisika na watu wanapiga kelele. Kuna tabia pia: kutosema "nimegonga goti" kama hukuligonga, kumwita daktari mapema badala ya kuona haya, na kutoka nje kumweleza mume aliyesimama mlangoni akitetemeka ni nini kinaendelea. Umilisi ni hayo yote kukaa ndani ya mtu mmoja, saa nane usiku, taa ikiwaka nusu.

Mtihani wa karatasi hauwezi kukuambia kama hayo yote yamo ndani yake. Mwaka wa 1990 Mmarekani mmoja, George Miller, alizipanga ngazi nne zilizopata sifa katika vyuo vya tiba duniani. Chini kabisa ni kujua. Juu yake, kujua jinsi jambo linavyofanywa. Ya tatu, kuonyesha mbele ya mwalimu. Ya nne, iliyo kileleni, ni kufanya kazi yenyewe siku za kazi, kwa mgonjwa wa kweli. Mtihani wetu wa miaka mingi ulipima ngazi mbili za chini, kisha cheti kikatuaminisha kwamba mtu yuko kileleni. Hapa kwetu kila mtu anaelewa kosa hilo. Hakuna kocha wa Iten wala Kaptagat anayemchukua mkimbiaji kwa sababu ameandika insha tamu kuhusu mbio za masafa marefu. Atamwambia avae viatu, naye atashika saa.

Ili kufikia ngazi ya tatu, vyuo vimejenga maabara za stadi, vyumba vyenye vitanda na sanamu za mpira, na vimechukua mtihani ambao wanafunzi huuita oski. Uliasisiwa na Ronald Harden kule Dundee, Uskoti, mwaka wa 1975. Kuna vituo vimepangwa kwa mzunguko, na kengele ikilia kila mwanafunzi anahamia kituo kinachofuata. Hapa unapima presha, pale unafunga kidonda, kule unaongea na mtu anayeigiza mgonjwa aliyekataa dawa. Mtahini ana orodha mkononi na anatia alama kwa kila hatua anayoiona. Je, umenawa mikono? Umejitambulisha? Umemwomba mgonjwa ruhusa kabla ya kumgusa? Mwanafunzi hodari wa vitabu anaweza kufunga kidonda vizuri sana na akapoteza alama kwa sababu hakusema "shikamoo" wala jina lake. Wapo wanaonung'unika kwamba huo ni upuuzi. Mimi, kama mgonjwa mtarajiwa, naunga mkono alama hizo zikatwe.

Kisha inakuja wodi yenyewe, na hapa ndipo ile saa ya kifuani inapopata kazi. Mgonjwa ameandikiwa lita moja ya maji ya dripu, iingie kwa saa 8. Mashine ya kupima dripu haipo, au ipo moja na iko kwa mwenye hali mbaya zaidi. Mrija ulioletwa hutoa matone 20 kwa kila mililita. Mwanafunzi anatakiwa afanye hesabu: mililita 1,000 mara matone 20, gawanya kwa dakika 480. Jibu ni kama matone 42 kwa dakika. Sasa inabidi ainue macho kwenye kile kichupa cha mrija, ashike gurudumu dogo la kubana, ahesabu matone huku akiutazama mshale wa sekunde, akaze kidogo, alegeze kidogo, ahesabu tena. Akimaliza arudi baada ya nusu saa, maana mgonjwa akikunja mkono dripu hubadilika. Darasani hesabu hiyo huchukua dakika moja. Wodini, wagonjwa wakiwa wawili wawili kitandani na mtoto analia, ni kazi nyingine kabisa. Ujuzi ni kurudi kwa mgonjwa baada ya nusu saa bila kukumbushwa na mtu.

Eldoret haikuanza jana kufikiri hivi. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kupokea wanafunzi wa udaktari mwaka wa 1990, hakikutaka kuiga mtindo wa mhadhara na mtihani. Kilitumia masomo yanayojengwa juu ya matatizo halisi ya wagonjwa, na mpango wa kuwapeleka wanafunzi vijijini mapema, unaojulikana kwa jina la COBES. Wanafunzi walikaa kwenye vituo vya afya, wakatembelea nyumba, wakatazama choo, kisima na shamba kabla ya kuandika jina la ugonjwa. Vyuo vya Linköping kule Uswidi, Maastricht kule Uholanzi na Indiana kule Marekani vilishirikiana nacho. Hapo jirani, kule Nandi, Chuo Kikuu cha Baraton kilikuwa kimetangulia nchini kutoa shahada ya uuguzi. Kwa hivyo anayekuambia umilisi ni kitu cha kigeni kilicholetwa na CBC, mwambie eneo hili limekuwa likiujaribu kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka wa 2016 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Afrika nayo ikatoa mitaala ya mfano ya uuguzi na ukunga iliyojengwa juu ya umilisi, ili nchi za bara hili zipate pa kuanzia.

Mpaka hapo, msikilizaji, mambo yanaonekana mazuri. Sasa tuingie penye mwiba.

Kule Tanzania, mkoani Manyara, kuna hospitali ya Haydom. Walifanya jambo ambalo kila mkufunzi wa Kenya angefaa kulijua. Wahudumu wa wodi ya wazazi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walitumia mwanasesere wa mazoezi, na sheria ilikuwa moja: ndani ya dakika ya kwanza mtoto awe ameanza kupumua au ameanza kusaidiwa kupumua. Baada ya mafunzo walipimwa kwa mwanasesere, na wakafanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kisha watafiti wakaangalia walivyowahudumia watoto wa kweli kwenye wodi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2013, yalikuwa ya kusikitisha: kwenye wodi, mambo hayakuwa yamebadilika. Mkono uliofanya vizuri kwa mpira haukufanya hivyo kwa mtoto.

Hawakukata tamaa. Walianzisha mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini, mwanasesere akiwa karibu na kitanda cha kuzalia, na watu wa palepale wakiwa waelekezi. Ripoti ya mwaka wa 2015 ilionyesha kwamba sasa huduma ilibadilika, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Mwanasesere alikuwa yuleyule, wauguzi walewale na somo lilelile. Kilichobadilika ni kwamba zoezi lilitoka kwenye ukumbi wa semina likahamia kazini, na likawa na mtu wa kulisimamia wiki hadi wiki.

Nikirudi kwetu, nataka nizungumzie daftari. Kila mwanafunzi wa uuguzi hubeba daftari la kazi za wodini, lile wanaloliita logbuku. Ndani yake zimeorodheshwa kazi: kuweka mrija wa mkojo, kuzalisha, kutoa damu, kuosha kidonda. Kila kazi inahitaji kufanywa mara kadhaa, na kila mara muuguzi aliyehitimu anatia saini kwamba amemwona mwanafunzi akiifanya. Kwa wanafunzi neno ni moja: "nimesainiwa." Ukisikia wawili wakiongea kwenye matatu ya Kimumu, mmoja atauliza, "Wewe umesainiwa ngapi?" Hamuulizi mwenzake amejifunza mangapi.

Daftari hilo ndilo moyo wa mtaala wa umilisi. Kila saini ni ushahidi. Na ndilo pia mahali pepesi zaidi pa kuharibikia. Picha yenyewe ni hii: ni Ijumaa alasiri, zamu ya mwisho ya mzunguko. Kesho wanafunzi wanahamia wodi nyingine. Muuguzi mmoja wa zamu ana wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia, dawa za saa kumi hazijatolewa, na mbele ya meza yake wamesimama vijana saba, kila mmoja na daftari lake. Anajua wawili wao ni hodari. Mmoja hamkumbuki hata sura. Anachukua kalamu. Unadhani atafanya nini?

Simlaumu kwa haraka. Muuguzi huyo aliajiriwa kuhudumia wagonjwa. Kufundisha kumeongezwa juu ya kazi yake, mara nyingi bila kupunguziwa kitanda hata kimoja. Lakini tukubaliane kwamba saini ya kitu ambacho hukukiona ni ushahidi wa uongo, na hasara yake haibaki kwenye karatasi. Humpata mama fulani wa Moiben, miaka miwili baadaye, siku ile "aliyesainiwa" atakapokuwa peke yake zamu ya usiku kwenye kituo cha afya, bila daktari, bila mtu wa kumuuliza.

Sababu nyingine ya saini hizo ni idadi. Kuzalisha kulianza kutolewa bure katika hospitali za umma Juni 2013, na akina mama wakaitikia kwa wingi. Jambo jema kabisa. Kwa mwanafunzi, maana yake ilipaswa kuwa mengi ya kujifunza. Lakini vyuo navyo vimeongezeka. KMTC peke yake, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya kilichoanza mwaka wa 1927, sasa kina kampasi zaidi ya 70, mbali na vyuo vikuu na vyuo vya binafsi. Wote wanataka wodi zilezile. Ndiyo maana unaweza kukuta mama mmoja yuko katika uchungu, na wanafunzi sita wamemzunguka, kila mmoja akihesabu kichwani: huyu ni wa nani? Atakayepokea mtoto ni mmoja, watano wametazama migongo ya wenzao. Tena mama mwenyewe, aliye uchi mbele ya vijana sita, nani alimwomba ruhusa?

Na wodi zikifungwa, darasa la umilisi limefungwa pia. Mgomo wa wauguzi wa mwaka wa 2017 ulidumu takriban miezi mitano. Mhadhara unaweza kuahirishwa na kufidiwa kwa haraka, lakini huwezi kufidia miezi mitano ya wagonjwa kwa wiki mbili.

Nasikia msikilizaji mmoja akisema: wauguzi wa zamani hawakuwa na umilisi wenu huo, na walikuwa wakali kazini kuliko hawa wa siku hizi. Ana hoja. Mwanafunzi wa hospitali za misheni za zamani aliishi bweni la hospitalini, akafanya zamu kama mfanyakazi, na msimamizi wa wodi alimjua kwa jina, kwa mwendo na kwa uvivu wake. Alitazamwa kila siku. Kwa maneno mengine, alipata lile ninalolidai, hata kama halikuwa na jina. Alichokosa ni kipimo. Akiangukia mikononi mwa msimamizi mwema alikuwa muuguzi bora. Akiangukia kwa mkali asiyefundisha, alisugua sakafu na mabeseni miaka mitatu. Mtaala wa umilisi unaleta kipimo kilicho wazi kwa wote. Ukileta kipimo na kumwondoa mtazamaji, umerudi nyuma ya hapo walipokuwa wazee.

Kipimo chenyewe si jambo dogo, maana jicho bila kipimo hudanganya. Mwaka wa 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kuhusu akina mama zaidi ya 200,000. Zamani damu inayomtoka mzazi ilikadiriwa kwa macho, na macho hukadiria pungufu. Katika utafiti huo wakunga walitumia mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo unaotandikwa chini ya mama, na damu ikizidi kiwango walianza hatua zote za matibabu kwa pamoja, bila kungoja moja ishindwe ndipo waanze nyingine. Hatari ya kuvuja damu kupindukia, ya kupasuliwa kwa sababu ya kuvuja, au ya kufa kwa kuvuja, ilipungua kwa asilimia 60. Jicho na mstari wa kipimo vimefanya kazi pamoja. Hata mwanafunzi anahitaji vyote viwili: mtu wa kumtazama, na orodha ya wazi ya kile anachotazamiwa.

Wako pia wanaoogopa kwamba orodha zitamkatakata mgonjwa vipande, muuguzi awe mtu wa kutia vema kwenye visanduku. Hofu hiyo ni ya kweli. Kogo, yaani nyanya, wa miaka 80 kutoka Keiyo, asiyejua Kiswahili kingi, hawezi kuingia kwenye kisanduku. Anahitaji mtu atakayeinama, aongee taratibu, amtafute mkalimani kama hajui Kikalenjin, na ang'amue kwamba anakataa dawa kwa sababu hajala tangu asubuhi. Umilisi wa kweli unalihesabu jambo hilo kuwa kazi sawa na sindano. Mwaka wa 2022 muuguzi wa Kenya, Anna Qabale Duba wa Marsabit, alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi iliyotolewa Dubai, na lililomtambulisha lilikuwa kazi yake katika jamii, ya elimu na ya kupinga ukeketaji. Hayo yote aliyafanya nje ya wodi.

Basi tufanye nini? Nina maneno matano.

Mzazi unayemtafutia mwanao chuo cha uuguzi, usivutiwe na lango wala basi jipya. Hakikisha chuo kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi. Kisha uliza maswali mawili: wanafunzi wenu hufanya mazoezi hospitali gani, na huko nani huwatazama, mwalimu wa chuo anayekuja mara moja kwa mwezi au mwelekezi aliye hapo kila siku? Jibu likizungukazunguka, shika karo yako uende zako.

Mwanafunzi unayenisikiliza kwenye chumba chako cha kupanga hapa Kimumu, usitafute saini, tafuta mtu wa kukukosoa. Ukiambiwa "rudia", shukuru. Na kazi ambayo hujawahi kuifanya ukitazamwa, usiifanye peke yako kwa kuona aibu. Kusema "sijui, nisaidie" nako ni sehemu ya umilisi, tena ile inayookoa watu wengi.

Muuguzi wa wodi, kataa kusaini usichokiona. Najua ni rahisi kwangu kusema nikiwa mbele ya kipaza sauti. Kwa hivyo neno la nne nalielekeza kwa serikali ya kaunti yenye vituo vya afya, kwa hospitali ya rufaa na kwa vyuo. Huyu mwelekezi mnayemtegemea apunguziwe wagonjwa siku anayofundisha, apewe mafunzo ya kufundisha, na saa hizo zihesabiwe kazini. Vyuo vinavyolipisha wanafunzi karo ya mazoezi ya hospitalini vionyeshe sehemu gani ya fedha hizo inamfikia anayefundisha. Na idadi ya wanafunzi katika wodi moja iwe na kikomo kinachoheshimiwa.

Limebaki lako wewe, mgonjwa. Wengi hudhani kumkataa mwanafunzi ndiyo usalama. Tukimkataa sote, baada ya miaka mitatu atatujia akiwa na leseni na mkono usiozoea. Mkubali, lakini una haki ya kujua unaguswa na nani. Akija na sindano, mwulize jina lake, yuko mwaka wa ngapi, na msimamizi wake yuko wapi. Akikuonyesha mtu aliyesimama hapo hapo anayetazama, mpe mkono. Akikuambia msimamizi yuko chai, mwambie kwa upole, "Mwanangu, sina haraka, kamwite." Kwa maneno hayo manne utakuwa umemfundisha yeye, na umemkumbusha msimamizi wake kazi yake.